Tangi Huanzia Chini

Mhadhara kwa walimu na wafugaji wa samaki, Ifakara

 

Mada mliyonipa imetokana na picha inayozunguka kwenye simu: samaki wa baharini mwenye kichwa kikubwa na taya pana, amechomoza nusu mwili kutoka shimoni, anatazama nje. Vijana wanauliza kama samaki huyo anaweza kufugwa nyumbani akaishi. Anaweza. Ila kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kilomita mia nne na ushee, maji ya chumvi hatuna, na bei yake haiendani na mshahara wa mwalimu. Kwa hiyo nitakaa naye kidogo, nichukue kwake somo moja, kisha nirudi bondeni kwetu Kilombero. Sisi tunao samaki ambao watu wa Ulaya na Marekani wamewafuga kwa miaka mingi kwenye vyumba vyao, na hapa Ifakara wengi wetu hatujawahi kuwatazama kwa karibu.

Huyo wa picha ni wa jamii iitwayo Opistognathidae. Wamo katika Bahari ya Karibi, wamo katika Pasifiki, na wamo huku kwetu Bahari ya Hindi. Mmoja wao alipewa jina la Maskati mwaka 1888 na mtaalamu Boulenger, Opistognathus muscatensis. Maisha ya samaki wa jamii hii yako chini. Anachimba kwa kinywa: anakomba mchanga, anautema pembeni, anarudi tena. Akishapata kina anachotaka anaokota vijiwe, vipande vya matumbawe na magamba ya kombe, anavipanga ukutani kimoja kimoja ili shimo lisiporomoke. Usiku huziba mlango kwa jiwe. Wakati wa kuzaa, dume ndiye anayebeba mayai kinywani hadi yanapoanguliwa. Hapo Wandamba mtatabasamu, maana perege wetu wa Kilombero hufanya hivyo hivyo, ila kwake mzigo ni wa mama: baba anachimba kisahani mchangani, mama anataga, anayakomba mayai kinywani na kuondoka nayo.

Sasa, samaki huyo akipelekwa nyumbani hufa kwa sababu gani? Mara nyingi chakula kipo, maji ni safi, chumvi imepimwa. Kinachokosekana ni sakafu. Mwenye tangi ametandaza mchanga mweupe wa sentimita tatu, mzuri machoni, wa punje za ukubwa mmoja. Samaki anachimba, shimo linabomoka, anachimba tena, linabomoka. Hana pa kujificha, hali, hapumziki, na usiku anaruka nje ya tangi kupitia upenyo mdogo ambao hukudhani angepita. Asubuhi anaokotwa sakafuni amekauka. Dawa yake ni kina cha sentimita 15 hivi, mchanga uliochanganywa na kokoto na vipande vya kombe vya saizi mbalimbali, na mfuniko usio na mwanya. Yupo mwingine wa jamii hiyo, Opistognathus rosenblatti wa Ghuba ya California, mwenye madoa ya buluu yanayowapagawisha wanunuzi. Huyo anatoka kwenye maji ya ubaridi kiasi. Wanamweka kwenye tangi la nyuzijoto 27 au 28 pamoja na samaki wa matumbawe, anadhoofika, wao wanatafuta dawa ya ugonjwa ambao haupo.

Hilo ndilo somo ninalolitaka. Mtu akinunua tangi hutazama kioo, taa na rangi ya samaki. Chini hutandika chochote. Mimi nasema tangi huanzia chini, na samaki wa kulithibitishia hilo tunao hapa, ng'ambo ya mto na upande huu, kwenye madimbwi ambayo Septemba utayapita kwa baiskeli usijue kwamba yalikuwa madimbwi.

Ukivuka mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli kuelekea Minepa na Lupiro mwezi wa nne, tazama kando ya barabara. Kuna mashimo yaliyobaki baada ya watu kuchimba udongo wa kujazia tuta, kuna mifereji chini ya makalavati, kuna kona za majaruba ambako maji hukaa baada ya mto kurudi nyuma. Maji yake ni ya rangi ya chai ya maziwa. Huoni kitu ndani. Pitisha wavu mdogo wa mkono ukingoni penye majani (chandarua kiacheni kitandani, tafadhali), umimine ulichopata kwenye chupa ya kioo, uiinue juani. Wadudu, viluwiluwi wa chura, konokono wadogo, na katikati yao kasamaki kasikozidi urefu wa kidole, ambako dume lake lina rangi zinazong'aa kwenye mapezi na magamba kiasi cha kukufanya uulize zilikuwa na kazi gani ndani ya tope lile. Jike ni la kijivu tu, halina makuu.

Huyo ni Nothobranchius. Jenasi hii ilipewa jina na Peters mwaka 1868. Sasa inahesabiwa kuwa na aina zaidi ya 80, zote za Afrika, na Tanzania imebarikiwa nazo kuliko nchi nyingine yoyote. Unguja ina wake, Nothobranchius guentheri, mwenye mkia mwekundu uliopakwa ukingo mweusi. Pfeffer wa Hamburg alimwandika mwaka 1893 kutokana na samaki waliokusanywa na Stuhlmann. Rufiji ina wake, Ruvu ina wake, Usangu ina wake. Sisi wa Kilombero tulisubiri hadi mwaka 2002, pale Wildekamp, Watters na Sainthouse walipoandika aina mbili mpya kutoka bonde la mto wetu: Nothobranchius kilomberoensis na Nothobranchius geminus. Waliziandika katika jarida la chama cha Wamarekani wanaofuga samaki wa jamii hii majumbani. Yaani jina la Kilombero liliingia katika orodha ya samaki wa dunia kupitia gazeti la watu wenye matangi sebuleni. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, bonde letu liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, hekta 796,735. Katika sifa zilizotajwa sana walikuwemo swala aina ya sheshe, ambao sehemu kubwa ya waliokuwepo duniani ilikuwa hapa, na ndege kama mnana wa Kilombero. Kasamaki ka kwenye kalavati hakana mpiga debe.

Samaki huyu haishi mwaka mzima. Mvua ikinyesha anaanguliwa, anakua kwa haraka ya ajabu, anataga kila siku, na dimbwi likikauka anakufa na dimbwi lake. Ndugu yake wa Msumbiji na Zimbabwe, Nothobranchius furzeri, alipopimwa porini alionekana kupevuka katika muda wa wiki mbili tangu kuanguliwa; hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo anayejulikana kupevuka mapema zaidi. Ndiyo maana maabara za Ujerumani na Marekani zinamfuga kwa maelfu ili kuchunguza uzeeni mwili hufanya nini: ukianza utafiti Januari, mzee wako unaye kabla ya Juni.

Kinachobaki baada ya dimbwi kukauka ni mayai, na mayai yako chini. Dume humkumbatia jike kwa pezi la mgongoni, wanatetemeka pamoja juu ya tope, yai moja linatoka, linasukumwa ndani. Moja tu. Kisha wanasogea wanarudia. Yai lina upana wa milimita moja hivi na ganda gumu. Ndani ya udongo haliendelei kukua moja kwa moja. Lina vituo vitatu ambavyo linaweza kusimama na kulala. Wourms ndiye aliyevipanga vituo hivyo mwaka 1972. Cha kwanza ni mapema kabisa, seli zikiwa zimetawanyika. Cha pili ni pale mwili umeshaanza kuonekana na moyo upo. Cha tatu ni samaki mzima amejikunja ndani ya ganda, macho yanaonekana, anangoja maji. Na mayai ya mama mmoja hayalali kwa muda mmoja. Mengine huamka na mvua ya kwanza, mengine huikataa. Wakulima mnaelewa kwa nini: mvua ya mwezi wa kumi na moja inaweza kukudanganya, ukapanda, jua likachoma. Aliyeweka mbegu yote shambani mvua ya kwanza ikinyesha hana tena cha kupanda.

Lakini si kila udongo unaweza kutunza mayai hayo. Brian Watters, yule wa pili katika majina niliyoyataja, ni mwanajiolojia, na alipita nchi nyingi za Afrika Mashariki na Kusini akitazama udongo wa madimbwi haya. Alichokikuta ni kwamba samaki hawa hukaa penye mfinyanzi mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukilowa unajiziba, maji hayapotei chini, dimbwi linadumu wiki za kutosha. Ukikauka unapasuka, hewa inaingia, lakini kule chini unyevu unabaki. Udongo mwekundu wa kichanga hauwezi kazi hiyo, ukiukinga maji mwezi mzima hautazaa samaki. Kwa hiyo aliyetembea bonde hili msimu wa kiangazi akijikwaa kwenye nyufa alikuwa anatembea juu ya samaki.

Tuje kwenye tangi.

Tangi la lita 40 linatosha dume mmoja na majike watatu. Msiweke madume mawili peke yao. Watapigana hadi mmoja achanike mapezi, na kidonda cha pezi ndicho mlango wa maradhi. Funikeni. Kama yule wa baharini, huyu naye huruka, hasa usiku wa kwanza. Chini acheni kioo kitupu, kisha wekeni kopo la plastiki, lile la siagi linafaa, lenye tundu kwenye mfuniko, ndani yake sentimita tatu nne za vumbi la makumbi ya nazi. Wazungu hutumia mboji ya mabwawa yao ya baridi. Sisi tuna makumbi, na kazi ni ile ile. Yachemsheni kwanza, mmwage maji, mchemshe tena hadi rangi ya kahawia ipungue na makumbi yazame. Samaki wataingia koponi wenyewe kutaga. Mtu akikwambia umwage mfinyanzi halisi wa mbuga kwenye tangi, mkatalie: porini dimbwi lina jua, majani na ukubwa, ndani ya lita 40 tope hilo litaoza na hutaona samaki wako akiwa mgonjwa.

Maji ya kisima yaacheni ndooni usiku kucha, myapulizie hewa au muyamimine ndoo kwa ndoo, kwa sababu yanayotoka chini sana huwa na hewa kidogo. Ya bomba yaliyotiwa klorini yaacheni wazi siku nzima. Badilisheni robo ya maji kila wiki, zaidi kama mnalisha sana. Sababu yake ni amonia. Kila samaki anaitoa kupitia matamvua na kila mabaki ya chakula huiongeza. Tangi jipya halina bado bakteria wa kuigeuza kuwa naitraiti, wala wengine wa kuigeuza naitraiti hiyo kuwa naitreti isiyo na ukali huo. Bakteria hao wanahitaji wiki kadhaa kuota kwenye sponji ya kichujio. Sponji hiyo msiioshe kwa maji ya bomba wala sabuni; ikamueni kwenye maji yaliyotolewa tangini, basi.

Joto ni adui anayedharauliwa hapa kwetu. Watafiti walimfuga Nothobranchius furzeri kwa nyuzijoto 22 na 25, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2006 yalionyesha kwamba wa maji ya baridi waliishi zaidi na uwezo wao ulichelewa kuchakaa. Tofauti ya nyuzi tatu tu. Sasa fikiria tangi lililowekwa juu ya kabati chini ya bati, Ifakara, mwezi wa kumi na mbili. Liwekeni chini, kwenye ukuta usiopigwa na jua, mahali pa ubaridi kuliko pote ndani ya nyumba. Feni ikipuliza juu ya maji yakawa yanapungua taratibu, yanapoa. Mnajazia ya mtungini. Hita waachieni wanaoishi kwenye theluji.

Chakula chao ni hai, na kipo bure: viluwiluwi wa mbu kutoka ndoo iliyoachwa uani, viroboto wa maji, minyoo wadogo wekundu wa kwenye tope. Wanachokula ndani ya dakika tano kinatosha, mara mbili kwa siku. Ila viluwiluwi wasiachwe tangini wakapevuka, mtakuwa mmefuga mbu.

Ugonjwa unaoua samaki hawa kuliko wote ni ule unaowafanya waonekane wamepakwa vumbi la dhahabu. Unasababishwa na kijidudu cha seli moja, Piscinoodinium, kinachojikita kwenye ngozi na matamvua. Mapema huuoni ukitazama kwa mbele. Zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni, ndipo vumbi litang'aa. Samaki hukunja mapezi, hujisugua, hupumua haraka juu ya maji. Wafugaji wa zamani hawangoji hayo. Hutia chumvi tangu siku ya kwanza, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kila lita 10, na huirudisha kwa kiasi hicho hicho katika maji mapya tu, kwa sababu chumvi haipai na mvuke. Hapo mtaona kuwa hata samaki wa maji baridi anaweza kuhitaji kipimo cha mfugaji wa bahari. Ugonjwa ukishaingia, ongezeni chumvi polepole na funikeni tangi kwa kitambaa cheusi, kwani kijidudu hicho kinategemea mwanga kwa sehemu ya chakula chake.

Upo pia ugonjwa wa kukonda na vidonda unaotokana na bakteria wa ukoo wa kifua kikuu. Hauna tiba ya kuaminika kwa samaki, na unaweza kuingia mkononi mwa mtu mwenye mchubuko ukamletea kidonda sugu. Mwenye jeraha asitie mkono tangini. Samaki huyo atolewe, tangi lisafishwe lote, lianze upya.

Na kuna kifo ambacho si ugonjwa. Samaki wa miezi minane, rangi zimefifia, mgongo umeanza kupinda, anakula kidogo: huyo ni mzee. Nimeona watu wakimwaga dawa juu ya dawa kwenye tangi la mzee wa namna hii, wakawaua na vijana waliokuwa pamoja naye. Kwa samaki wa msimu, afya ya tangi haipimwi kwa samaki mmoja kuishi sana. Inapimwa kwa kopo la makumbi.

Kila baada ya wiki moja au mbili toeni makumbi, mimineni kwenye kitambaa, kamueni. Kisha yatandazeni kwenye gazeti kwa saa kadhaa kivulini. Kipimo ni kiganja: ukiyabana hayatoi tone, ukiyaachia yanaachana bila kuwa vumbi. Tieni kwenye mfuko wa plastiki, andikeni aina, mahali walikotoka na tarehe, funga, weka kabatini. Hapa ndipo wanafunzi wanapopatia burudani. Wakichambua kwa lenzi wataona mayai safi yanayopitisha mwanga. Yaliyokufa huwa meupe na hushika ukungu. Baada ya miezi miwili hadi minne, wakati mwingine sita, wataona macho ndani ya yai. Macho yakishakuwa na duara la kung'aa, mwagieni maji ya ubaridi, ya mtungini yanatosha, kina cha sentimita tano. Ndani ya saa chache kuna vijisamaki vinavyoogelea. Baadhi vitarukaruka chini visiweze kuinuka. Hivyo havikujaza kifuko cha hewa, mara nyingi kwa sababu mayai yalilowekwa mapema mno au yalichelewa, na havitapona. Wengine walisheni vijikamba vya artemia vilivyotoka kuanguliwa kama mnavipata, au vijidudu vya maji ya dimbwi vilivyochujwa kwa kitambaa kizito. Chujeni kwelikweli, kwa sababu lava mmoja wa kereng'ende atamaliza kizazi chote kwa usiku mmoja. Makumbi msiyatupe. Yakaushe tena, ngoja mwezi, lowesha: kuna mayai yaliyokataa mvua ya kwanza.

Ni mifuko hiyo iliyowafikisha samaki hawa Prague, Hamburg na Ohio. Samaki hasafiri, husafiri makumbi yenye unyevu ndani ya bahasha. Na wafugaji makini wana nidhamu moja ninayowasifu: kila mfuko hubeba alama ya mahali pa asili, TAN kwa Tanzania, mwaka, na namba ya kituo, na samaki wa kituo kimoja hachanganywi na wa kingine hata kama wanafanana. Sisi tulio karibu tunaweza kuwa wazembe kuliko wao. Msichukue samaki wa ng'ambo ya mto mkamwaga dimbwi la huku. Msilete wa Unguja mkawaachia Kilombero. Na anayefikiria biashara ya kuwapeleka nje aanze kwa afisa uvuvi: kuna Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na kusafirisha samaki hai nje ya nchi kunataka kibali.

Kuhusu dimbwi lenyewe nina neno moja, na najua si wote watalipenda. Samaki huyu anaweza kuvumilia jembe. Mayai yako kwenye udongo na udongo hubaki. Asiyoyavumilia ni mambo mawili. La kwanza ni dawa za wadudu zinazomiminika majarubani wakati samaki wameshaanguliwa. La pili ni maji ya kudumu. Mfereji wa umwagiliaji unaotoa maji mwaka mzima unaonekana ni neema kwa samaki wote, lakini ndio unaowaleta kambale na perege kwenye dimbwi ambalo kiangazi kilikuwa kinawafungia nje, na yai lililopaswa kukauka halikauki. Wanaopanga skimu za mpunga hupima athari kwa tembo na sheshe. Wapimiwe na hawa.

Mwalimu mmoja ameniletea swali kwenye karatasi: je, samaki hawa wakiwekwa kwenye mapipa ya maji si watatumalizia mbu? Swali lina historia. Mwaka 1941 Vanderplank aliandika katika jarida la madaktari la Afrika Mashariki kuwapendekeza Nothobranchius na samaki wengine wadogo wa kienyeji dhidi ya mbu wa malaria. Na tunazungumza haya katika mji ambao maabara ndogo ya Waswisi, iliyoanzishwa miaka ya 1950 chini ya Rudolf Geigy wa Basel, imekuwa Taasisi ya Afya Ifakara, ambako mbu wanafugwa ndani ya nyumba kubwa za wavu ili wachunguzwe. Jibu langu ni hili. Kula viluwiluwi watakula, tena kwa uchu. Katika madimbwi ya mvua wanafanya kazi hiyo bila mshahara. Lakini watafiti wa hapa hapa wameonyesha kwamba siku hizi sehemu kubwa ya maambukizi bondeni inaletwa na Anopheles funestus, na huyo hupenda maji yanayodumu, mahali ambapo samaki wetu hana kizazi. Pipani vilevile: chini ni plastiki tupu, yai litaanguka, halitapata udongo wala kiangazi, na baada ya miezi michache mtakuwa na pipa lisilo na samaki. Atakayetaka kulitumia pipa ajue atawajaza upya kila msimu kutoka kwenye mifuko yake ya makumbi, na pipa la maji ya kunywa alifunike tu.